Kufundisha Mwendo wa Protini ya Jicho Ipatapo Nuru

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mtu aliyepungukiwa na vitamini A haoni vizuri jioni, hujibu upesi kwamba vitamini hiyo “husaidia macho”. Jibu hilo si la uongo, lakini halielezi kitu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kulipa jibu hilo maana, kwa kufundisha hatua kwa hatua jambo litokealo ndani ya jicho nuru iingiapo.

Mambo ya kujua kwanza

Mwaka 1876 Franz Boll aliona kwamba retina ya chura, iliyo nyekundu gizani, hupauka ikipata mwanga. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba nuru huivunja protini yenye rangi hiyo. Sivyo. Protini hiyo, iitwayo rodopsini, imepita katika utando mara saba, mithili ya nguzo saba zilizosimama pamoja. Katikati ya nguzo imekaa retinali, molekuli ndogo itokanayo na vitamini A, nayo imeshikizwa kwenye nguzo ya saba.

George Wald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline, alidhihirisha na wenzake kwamba kazi ya nuru hapa ni moja tu: kuinyosha retinali iliyopindika. Kunyooka huko hakufikishi hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Yanayofuata hayahitaji nuru tena. Retinali iliyonyooka haienei vizuri mahali pake, basi huzisukuma nguzo. Na katika muda wa milisekunde chache nguzo ya sita huinamia nje kwa upande wa ndani wa seli. Nafasi hufunguka, na protini nyingine iitwayo transdusini hujishikiza hapo, ikapeleka habari mbele. Baadaye retinali hubanduka, hupindwa upya katika seli za jirani, kisha hurudishwa. Ndiyo maana macho yaliyotoka juani huchukua kadiri ya nusu saa kulizoea giza kabisa.

Zana na hatua za somo

Zana ni mabua saba membamba, kipande cha kadibodi, uzi, ukanda wa mpira na waya laini.

1. Toboeni matundu saba kwa duara katika kadibodi, yawe mapana kidogo, mpitishe mabua. Kadibodi ni utando. Upande wa chini ni ndani ya seli.
2. Fungeni ncha za juu kwa uzi, na za chini kwa ukanda wa mpira.
3. Pindeni waya, mwufunge kwenye bua la saba, ukae katikati ya mabua.
4. Mwanafunzi mmoja, akiwa ndiye nuru, aunyooshe waya kuelekea bua la sita, kisha auachilie. Darasa litazame ncha za chini.

Mwalimu asitaje jina lolote kabla wanafunzi hawajasema kwa maneno yao wenyewe ni kitu gani kilichosogea kwanza na kipi kilifuata. Majina yaje baada ya mwendo kueleweka. Kisha awaambie upungufu wa mfano huu: katika jicho hakuna mpira, wala retinali hairudi mahali pake kwa kuvutwa.

Maswali ya kupima

(a) Je, nuru ililigusa bua la sita?
(b) Ikiwa kunyooka huchukua sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na kuinama kwa nguzo milisekunde 1, hatua ya pili ni ndefu mara ngapi kuliko ya kwanza?
(c) Uondoeni waya. Nuru itafanya nini sasa?

Swali la mwisho ndilo kiini cha somo. Pasipo vitamini A hakuna retinali. Pasipo retinali nuru haina cha kunyosha, na nguzo hazisogei. Mwanafunzi aliyelielewa hilo atajua kwamba mdogo wake anayejikwaa magharibi huenda si mzembe. Kutoona jioni ni dalili ya mapema, hutangulia madhara ya kioo cha jicho yawezayo kuleta upofu wa kudumu. Mtoto huyo apelekwe zahanati, na nyumbani apewe maini, mayai, mchicha, mapapai na maembe. Somo likifika hapo, limefika nyumbani.