Uvumbuzi Wako ni Mali: Jinsi ya Kuombea Hataza, na Sharia Inasemaje

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Kila mwaka wenzetu wa uhandisi, kilimo na sayansi hukamilisha miradi yao ya mwisho. Mingi ni marudio ya yanayojulikana, lakini baadhi ina jambo jipya kabisa ndani yake. Mradi huonyeshwa, hupigwa picha, hupewa alama, kisha huwekwa stoo. Ukiwauliza wenyewe kwa nini hawakuuombea hataza, utasikia majibu mawili. Wapo wasemao kwamba elimu ni ya Allah, na kuizuilia watu ni dhambi ya kuficha elimu. Wapo wasemao kwamba hawajui pa kuanzia. Makala hii inayachukua majibu yote mawili, moja baada ya jingine.

HATAZA NI NINI

Hataza ni haki inayotolewa na dola kwa mvumbuzi, ili mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake bila idhini yake. Haki hii ina mipaka miwili. Ya kwanza ni muda: miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, kisha uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Ya pili ni mahali: hataza ya Uganda inalinda ndani ya Uganda tu. Hakuna hataza ya dunia nzima.

Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi anatakiwa aeleze kwa maandishi namna kitu chake kinavyofanya kazi, kwa uwazi wa kumtosha fundi wa fani hiyo kukitengeneza bila kumuuliza. Maelezo hayo huchapishwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Kwa hiyo aliyeomba hataza ameifundisha dunia alichokijua. Anayeficha elimu hasa ni yule anayekaa na siri yake mpaka anakufa nayo.

FIKIHI INASEMAJE

Wanazuoni wa zamani hawakuijua hataza, lakini waliujadili msingi wake: je, kitu kisichoshikika kinaweza kuwa mali? Mahanafi wa mwanzo walisema manufaa peke yake si mali. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii ambao wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yao, walisema manufaa ni mali. Hitilafu hiyo ilifika mpaka zama zetu. Huko Pakistan, Mufti Muhammad Shafi alikuwa miongoni mwa waliokataa haki za namna hii, na mwanawe, Sheikh Muhammad Taqi Usmani, akaelekea kwenye kuziruhusu.

Mwezi Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano na kupitisha azimio namba 43. Kwa muhtasari, azimio hilo lasema kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi, uvumbuzi na ugunduzi ni haki za wenyewe. Haki hizo zina thamani ya mali katika desturi ya leo, zinazingatiwa kisharia, mwenyewe anaweza kuziuza au kuzitoa, na haijuzu kuzivamia.

Kiasi ambacho naona kinatusaidia zaidi kuelewa ni mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Anayetangulia kwenye ardhi isiyo na mwenyewe akaihuisha, ana haki nayo. Ili haki yake isimame, wanazuoni wanaangalia mambo matatu: kwamba kweli ametangulia, kwamba mpaka wake unajulikana, na kwamba anaifanyia kazi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliweka muda wa miaka mitatu: aliyezungushia ardhi alama kisha akaiacha bila kuilima, muda huo ukipita haki yake inaondoka.

Sasa tazama sheria ya hataza. Mkataba wa Paris, ambao Uganda ni mwanachama wake, unaziruhusu nchi kutoa leseni ya lazima kwa mtu mwingine ikiwa mwenye hataza ameikalia bila kuifanyia kazi. Leseni hiyo haiombwi mpaka ipite miaka 4 tangu ombi kuwasilishwa au miaka 3 tangu hataza kutolewa, ule utakaochelewa zaidi. Mambo haya mawili hayakutoka chanzo kimoja, lakini hekima yake ni moja: haki ya kutangulia haikuwekwa ili mtu awafungie wenzake njia. Basi na tuyatumie mambo yale matatu kama ngazi ya kupandia.

NGAZI YA KWANZA: KUTANGULIA

Mkaguzi wa hataza huuliza maswali matatu. Je, kitu hiki ni kipya? Je, kina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kwa urahisi? Je, kinaweza kutengenezwa au kutumika katika kazi, kiwandani au shambani? Nadharia ya sayansi, kanuni ya hesabu na njia ya kufanya biashara havipewi hataza.

Upya unapimwa kwa dunia nzima. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa watafiti wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, kuhusu kutumia unga wa manjano kuponya vidonda. Bibi zetu wangecheka. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga kwa kuleta maandishi ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953, na hataza ikafutwa mwaka 1997. Tuna mafunzo mawili hapo. Usiombee kitu ambacho watu walikijua kabla yako, kwani huo ni uongo hata kama mkaguzi hakugundua. Na yale ambayo wazee wetu wanayajua yaandikwe, kwa sababu kilichomwangusha mwombaji ni maandishi.

Upya pia unaweza kuharibiwa na mvumbuzi mwenyewe. Ukieleza uvumbuzi wako kwenye maonyesho, kwenye kundi la WhatsApp au kwenye tasnifu iliyowekwa maktaba kabla ya kuomba, umekwisha kuutoa kwa umma. Baadhi ya nchi zina msamaha wa muda: Kenya na Marekani humsamehe mvumbuzi aliyetangaza mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Ulaya hakuna msamaha wa jumla wa namna hiyo. Kwa hiyo usiutegemee. Omba kwanza, onyesha baadaye. Ukilazimika kumweleza mtu kabla ya hapo, msimamizi, fundi wa kuchomelea au mfadhili, mwandikiane makubaliano ya kutunza siri. Ni amana kama amana nyingine.

Kumbuka pia kwamba karibu dunia nzima sasa inampa haki aliyewahi kuomba, si aliyewahi kufikiri. Marekani nayo ilihamia utaratibu huo mwaka 2013.

Kabla ya kuomba, tafuta. PATENTSCOPE ya Shirika la Dunia la Haki Miliki na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ni hazina mbili za bure, zenye mamilioni ya hati. Kaa nazo siku kadhaa na ubadilishe maneno ya kutafutia. Ukikuta uvumbuzi wako umo, umeokoa pesa. Ukikuta kitu kinachokaribiana nao, umejua tofauti yako iko wapi.

NGAZI YA PILI: MPAKA

Ombi la hataza lina fomu yenye majina ya mvumbuzi na mwombaji, maelezo ya uvumbuzi, madai, michoro inapohitajika, na muhtasari. Madai ndiyo roho ya ombi. Maelezo yanafundisha, madai yanaweka mpaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anayetoka kwa wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon ametengeneza chanja ya kuanikia kahawa inayojifunika mvua ikinyesha, bila umeme. Maji ya mvua yanajaa kwenye kopo, uzito wa kopo unavuta kamba iliyopita kwenye kapi, kamba inafyatua kizuizi, na turubai linateremka juu ya kahawa.

Akiandika dai lake hivi: "Chanja yenye kopo la bati la nusu lita na kamba ya katani," jirani yake atatumia kopo la plastiki la lita moja na kamba ya nailoni, naye atakuwa nje ya mpaka. Akiandika: "Chanja yoyote inayojifunika mvua ikinyesha," mkaguzi atamkatalia, kwa sababu amezungushia ua ardhi ambayo hakuilima. Dai zuri linakaa katikati: chanja yenye chombo cha kukinga mvua, kilichounganishwa na kizuizi cha kifuniko kwa namna ambayo uzito wa maji unakifyatua kizuizi na kukiachia kifuniko. Baada ya dai hilo kuu ndipo yanafuata madai madogo yanayotaja kapi, aina ya kifuniko na mengineyo.

Kazi hii ni ngumu, na kosa lake ni gumu kulirekebisha, kwa kuwa baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya. Ukiweza kumpata wakala wa hataza, mpate.

Mpaka mwingine ni wa umiliki. Nani alivumbua? Mwenzako aliyetoa wazo la kapi ni mvumbuzi pamoja nawe. Aliyekuazima bisibisi siye. Msimamizi aliyetatua tatizo ambalo bila yeye kifaa kisingefanya kazi anaweza kuwa mvumbuzi. Aliyesahihisha sarufi ya ripoti siye. Soma kanuni za chuo chako kuhusu haki miliki, kwa maana vyuo vingine hudai sehemu ya kilichovumbuliwa kwa vifaa na fedha zao. Kisha andikianeni mafungu yenu mapema, huku bado mnapendana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana.

NGAZI YA TATU: KUOMBA NA KUFANYIA KAZI

Mvumbuzi aliye Uganda ana milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani: Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, Kampala, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014. Sheria hiyo pia inatoa cheti kwa uvumbuzi mdogo wa matumizi, ambacho masharti yake ni mepesi na muda wake ni mfupi kuliko hataza. Kwa miradi yetu mingi, hicho huenda ndicho kinachofaa.

Mlango wa pili ni ARIPO, shirika la kanda lenye makao yake Harare. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, unapeleka ombi moja na kutaja nchi unazotaka, kwa mfano Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Shirika likikubali, kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kusema kwamba kwake hataza hiyo haitakuwa na nguvu.

Mlango wa tatu ni Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaosimamiwa na Shirika la Dunia la Haki Miliki, Geneva. Ombi moja linakupa nafasi ya kusubiri takriban miezi 30 kabla ya kuingia nchi moja moja, na njiani unapata ripoti ya utafutaji. Waombaji wa nchi maskini zaidi, ikiwemo Uganda, hupunguziwa asilimia 90 ya ada kuu ya kimataifa.

Huhitaji kuchagua yote siku ya kwanza. Ukiomba nyumbani leo, una miezi 12 ya kuomba kwingine, na tarehe yako ya leo inahesabiwa huko kama kipaumbele.

Baada ya kuwasilisha, ofisi hukagua kwanza kama karatasi zimetimia. Kwa kawaida ombi huchapishwa baada ya miezi 18, kisha hufuata ukaguzi wa uvumbuzi wenyewe. Mkaguzi akileta pingamizi, usikate tamaa. Jibu kwa hoja au punguza madai yako. Ikitolewa, hulipiwa ada kila mwaka, na asiyelipa hupoteza haki yake kabla ya muda kwisha.

Tuambizane ukweli: hataza haileti mteja, na anayevamia haki yako utamshtaki wewe kwa gharama yako. Ndiyo maana nia na mpango vitangulie. Unaweza kutengeneza na kuuza mwenyewe, ukampa mwenye kiwanda leseni kwa malipo, au ukaitoa kwa manufaa ya watu. Frederick Banting na wenzake wawili, waliofanikiwa kupata insulini, waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja. Hawakuikimbia hataza. Waliichukua ili asije mwingine akaichukua na kuwafungia wagonjwa mlango. Hao hawakuwa Waislamu, lakini sisi wenye mlango wa wakfu katika vitabu vyetu tunapaswa kulielewa jambo hilo haraka kuliko wengine.

Basi ndugu yangu mwenye mradi unaokaribia kukamilika, kabla hujaupeleka kwenye maonyesho, tenga wiki moja ya kutafuta na siku moja ya kuuliza URSB. Daftari lako la kazi liwe na tarehe kila ukurasa.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atulinde na kuificha, na atulinde na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.