Kusomea Historia ya Haki za Binadamu Ukitokea Maretadu

Kijana wa Maretadu, wilayani Mbulu, anayependa historia kuliko hesabu kwa kawaida huonyeshwa njia mbili: ualimu au sheria. Ya tatu haitajwi sana, nayo ni sosholojia, hasa ile inayochunguza jinsi watu walivyopata haki, walivyonyimwa na walivyozidai. Mfano wake hauko mbali. Uko wilaya jirani ya Hanang', kwenye mashamba ya ngano ya Basotu.

Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilipanua mashamba hayo hadi takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Njia za mifugo zilizibwa, na hata bung'eda, makaburi ya wazee wanaoheshimiwa, mengine yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria, wala wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya wakati huo.

Soma sababu hizo polepole. Nani aliishi wapi, tangu lini, na kwa utaratibu gani? Wakili anayahitaji majibu hayo, lakini kazi ya kuyakusanya ni ya mtafiti wa jamii. Ndiyo maana kitabu cha Charles Lane cha 1996 kuhusu malisho ya Wabarabaig, na makala ya mwanahistoria Yusufu Lawi ya 2007 kuhusu Operesheni Vijiji (kuwahamishia watu vijijini) katika nchi ya Wairaqw, vina uzito hadi leo.

Safari huanzia kidato cha tano: tahasusi za HGL, HKL au HGK zinafaa. Kisha shahada ya sosholojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma kwa mfano, na maombi ya mkopo Bodi ya Mikopo yaende mapema. Ukiwa chuoni, chukua pia kozi za historia, na usikimbie takwimu. Wengi huzikimbia, kisha hushindwa kusoma hata jedwali la sensa.

Utafiti wenyewe una mitego yake. Ukifika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukaomba majalada ya Mkoa wa Manyara ya miaka ya 1950, hutapata kitu, kwa sababu mkoa huo ulizaliwa 2002 kutoka Arusha, na Hanang' yenyewe wakati huo ilikuwa sehemu ya Mbulu. Omba Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini. Kijijini nako, kibali cha chuo hupitia mkoani na wilayani kabla ya kufika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Ukishapokelewa, omba kusoma mihtasari ya mikutano mikuu ya kijiji. Daftari hizo zilizochakaa mara nyingi zina mengi kuliko ripoti za wizara, ila zisomee hapohapo ofisini.

Mazungumzo na wazee yafanyike kwa Kiiraqw au Kidatooga, lugha ya Wabarabaig, inapowezekana. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na pale mgogoro wa ardhi ungali hai, ficha majina. Na akina mama wasiishie kuandaa chai wakati wazee wa kiume wanahojiwa. Waulize wao kisima kilikuwa wapi na nani alizuiwa kuchota.

Kuhusu ajira, tangazo lenye jina la kazi hii usilitarajie. Wahitimu huingia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, asasi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au halmashauri wakiwa maafisa maendeleo ya jamii. Wengine huajiriwa kutathmini athari za kijamii za migodi na barabara. Huko malipo ni mazuri, lakini anayekulipa ndiye mwenye mradi, kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba matokeo hayatabadilishwa. Anayetaka kufundisha chuo kikuu alinde alama tangu muhula wa kwanza, maana nafasi ya mkufunzi msaidizi hudai GPA isiyopungua 3.8.