Somo: Sauti Safi Kutoka Chumba cha Mabati

Vikundi vingi vya kujisaidia sasa vinarekodi vipindi vya podikasti kwa simu na kuwatumia wanachama kwa WhatsApp. Ni kazi njema. Lakini vingine ukivisikiliza utadhani msemaji yuko ndani ya pipa. Wako wanaosema si kitu, bora ujumbe umefika. Hebu tuone kama kweli umefika.

Tuseme mnafundisha juu ya kukausha mahindi. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Msemaji anasema "kumi na tatu", msikilizaji anasikia "kumi na tano". Tofauti ni silabi moja ya mwisho, lakini mahindi yenye unyevu wa 15 yanaota kuvu. Mwaka wa 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, iliua watu 125. Kwa hivyo silabi moja si jambo dogo, ndugu zetu.

Mara nyingi kosa si la simu, ni la chumba. Sauti inafika kwenye simu moja kwa moja, kisha inagonga ukuta wa simiti na mabati na kurudi tena na tena. Mwangwi wa silabi ya kwanza unafunika ile inayofuata. Simameni katikati ya chumba mpige kofi moja. Chumba kikiwajibu, msirekodi hapo bado.

Dawa yake ni vitu vizito vilivyo laini. Simamisheni godoro nyuma ya msemaji, na blanketi nzito mbele yake, mkiiacha nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Leso moja nyepesi haitoshi. Na zile trei za mayai ambazo watu hugundisha ukutani? Ni karatasi tu, hazimezi sauti ya kutosha. Acheni zibebe mayai. Stoo yenye magunia yaliyojaa mara nyingi inashinda ofisi nzuri yenye meza na viti vya plastiki.

Jambo la pili halina gharama hata senti: sogeeni karibu. Simu iwe shibiri moja kutoka kinywani. Mkipunguza umbali kwa nusu, sauti ya msemaji inapata nguvu mara nne, na mwangwi unabaki vilevile. Iwekeni kando kidogo ya kinywa ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Simu nyingi zina maikrofoni upande wa chini, basi vidole visiizibe. Isilale juu ya meza tupu, bali juu ya leso iliyokunjwa, na muiweke katika hali ya ndege, isije ikalia katikati ya mahojiano.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, hapo hakuna ujanja. Ngojeni. Mashine ya kusaga nayo ina saa zake. Rekodini kabla haijawashwa.

Kabla ya kutuma, mpeni mama mmoja ambaye hakuwepo asikilize kwa simu yake mwenyewe, akiwa jikoni kwake, kisha aandike kila nambari aliyoisikia. Akikosea hata moja, rudieni sehemu hiyo, na safari hii msemaji aitaje mara mbili: "Kumi na tatu na nusu, yaani moja, tatu, nukta, tano."