Dawa ya Jongo Mti Unapoadimika

Kidole gumba cha mguu kikivimba usiku na kuwaka moto hata shuka isiguse, huenda ni jongo, ambalo wengi huliita gauti. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu huganda na kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Waganga wa Ayurveda nchini India huuita ugonjwa huu vatarakta, na Charaka Samhita, kitabu chao cha kale cha tiba, kimeutengea sura nzima.

Dawa yao mashuhuri ni kaishora guggulu. Humo mna guggulu, utomvu wa Commiphora wightii, kichaka cha nyika kavu za Rajasthan na Gujarat. Kimechanjwa mno hata kimo katika hatari kubwa ya kutoweka. Uhaba wenyewe si mgeni: katika karne ya 16 mganga Bhavamishra aliandika mbadala wa mimea minane ya Himalaya iliyokwisha kuadimika:

- Meda na mahameda: shatavari
- Jivaka na rishabhaka: vidarikanda
- Kakoli na kshirakakoli: ashwagandha
- Riddhi na vriddhi: varahikanda

Mbadala hauchaguliwi kwa sura ya jani. Huangaliwa ladha, kama dawa hupasha au hupoza mwili, na kazi yake ikishasagika tumboni. Tena kuna mpaka: kiungo kisaidizi hubadilishwa, kiungo kikuu hakibadilishwi. Ukiondoa guggulu ukatia manemane, ingawa ni ya jamii hiyohiyo ya Commiphora, hiyo si kaishora guggulu tena.

Kufanana nako hudanganya. Wakati wa UVIKO-19, madaktari wa India waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia guduchi, kiungo kingine cha dawa hii. Wizara ya AYUSH, inayosimamia tiba za jadi nchini humo, ilionya kuwa guduchi, yaani Tinospora cordifolia, huchanganywa na Tinospora crispa. Hata hivyo, guduchi halisi nayo imehusishwa na madhara hayo.

Kabla ya kununua

1. Pima kwanza. Kiungo kilichovimba pamoja na homa huenda kina usaha; nenda hospitali siku hiyohiyo.
2. Soma majina ya kisayansi kwenye kopo, kwa kuwa jina la sokoni hubeba mimea mingi.
3. Usiache alopurinoli, dawa ya hospitali ya jongo, uliyoandikiwa, na mweleze daktari kila unachokunywa. Guggulu hupunguza nguvu ya propranololi na diltiazemu, dawa za moyo na shinikizo la damu.
4. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini wasitumie bila idhini ya daktari.
5. Kunywa maji, punguza bia, soda, maini, figo na dagaa. Hapa hakuna mti wa kutafutiwa mbadala.

Ukifika dukani, muulize muuzaji: kiungo kikuu ni kipi, na kimo humu? Akijibu kwamba ametia "kinachofanana nacho", mrudishie kopo lake.