Mkono wa Mtoto Mchanga na Dhamana ya Tabibu

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Pwani wanaokaa Nakuru juu ya mtoto azaliwaye na mkono uliolegea. Je, hiyo ni kadari isiyo na maneno, au mzazi ana haki ya kumuuliza tabibu? Suala hili lina uzito, kwani ndani yake mna kiungo cha mtoto na mna heshima ya mwenye kazi. Tutalijibu kwa utaratibu: kwanza tuujue ugonjwa, kisha hukumu yake, kisha njia ya kudai.

Ama ugonjwa wenyewe, kila upande wa shingo hutoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo, ikapita chini ya mtulinga na kwenda mkononi. Mtoto akishatoka kichwa, huenda bega lake likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mamake. Hapo dakika ni chache. Kichwa kikivutwa kwa nguvu kwenda upande, mishipa hiyo huvutika kupita kiasi: mingine huumia kidogo, mingine hukatika, na mingine hung'oka kabisa. Alama yake ni mkono kulala ubavuni, kiwiko kimenyooka, na kiganja kimegeukia nyuma. Duchenne wa Ufaransa aliueleza mwaka 1872, na Erb wa Ujerumani mwaka 1874, na hata leo waitwa kwa jina la Erb. Wala si ugonjwa wa maskini peke yao. Kaizari Wilhelm wa Pili, yule ambaye bendera yake ilipepea Tanga na Dar es Salaam, alizaliwa mwaka 1859 akitanguliza makalio, na mkono wake wa kushoto ukabaki mfupi na dhaifu mpaka alipokufa mwaka 1941.

Basi twasema wazi: hili si kijicho wala si shetani, na hirizi haiungi mshipa. Wengi katika watoto hawa hupona katika wiki au miezi ya kwanza, kwa mazoezi ya polepole wanayofundishwa wazazi hospitali. Kuuchua mkono kwa nguvu ni kuuongezea madhara. Na mtoto akifika miezi mitatu naye hawezi kukunja kiwiko, yapasa apelekwe upesi kwa bingwa, kwani upasuaji wa mishipa hii hufaa zaidi ukifanywa ndani ya mwaka wa kwanza. Anayengoja mpaka mtoto atembee huenda akaambiwa wakati umepita.

Ama hukumu, watu wa makundi mawili hukosea. Kundi la kwanza husema kila lililotokea ni amri ya Mungu, basi tunyamaze. Hawa wamechanganya mambo mawili. Kuridhia kadari ni wajibu wa moyo. Kuulizana juu ya kazi iliyofanywa ni haki baina ya waja. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amemtwika dhamana yule atibuye watu naye hajulikani kuwa na ujuzi wa utabibu. Na wanavyuoni, kama Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad, wamefafanua kuwa tabibu stadi aliyepewa idhini, asivuke mpaka wala asizembee, hana dhamana hata yakitokea madhara; ama aliyevuka mpaka atalipa.

Kundi la pili huona mkono umelegea, likamwita mkunga mhalifu papo hapo. Hao nao wamedhulumu, kwani bega huweza kukwama bila ya dalili yoyote ya mbele, na mshipa ukaumia katika mikono ya mkunga hodari. Linaloulizwa ni kitendo, si matokeo peke yake. Je, aliita msaada? Je, alikunja mapaja ya mama kuelekea tumboni, na pakabonyezwa juu ya kinena? Au alivuta kichwa kwa pupa, na tumbo likasukumwa kutoka juu? Je, aliandika saa na alilolifanya? Na kabla ya hapo, je, mama mwenye kisukari, au ambaye mtoto wake wa kwanza alikwama, alielezwa hatari iliyo mbele yake?

Swali hili la mwisho liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwezi wa Machi mwaka 2015. Mama mmoja wa Scotland, mwenye kisukari, hakuambiwa kuwa bega la mtoto huweza kukwama. Likakwama, mtoto akaumia ubongo na mishipa ya mkono. Mahakama ikasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari yenye uzito kwake, na fidia ikawa pauni 5,250,000.

Ama njia hapa Kenya, jambo hili halipelekwi kwa Kadhi, kwani Katiba ya mwaka 2010 imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi tu. Lalamiko juu ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na juu ya muuguzi au mkunga kwa Baraza la Wauguzi. Fidia hudaiwa katika mahakama za kawaida, nazo Nakuru zipo mpaka Mahakama Kuu. Tusidhani kuwa hazisikii. Mwezi wa Machi mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa mama mmoja shilingi 2,500,000 kwa kudhalilishwa alipokuwa akizaa katika hospitali ya serikali.

Lakini wakati una mpaka. Dai la uzembe lina miaka mitatu, na likiwa juu ya Serikali ni miezi kumi na miwili tu. Basi aliyezalia hospitali ya umma na ahesabu mwaka mmoja tangu siku ya kuzaa, wala asitegemee kuwa mtoto bado mdogo. Aombe nakala ya maandishi ya uzazi mapema, aandike anayoyakumbuka, atafute tabibu mwingine wa kumpima mtoto, kisha amwone wakili.

Tunawausia ndugu zetu: mtoto atangulizwe kwa matibabu, kisha ukweli uulizwe kwa adabu, bila ya kuficha na bila ya kusingizia. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.