SOMO: NI NANI AMLIPAYE MTUNZA DAFTARI?

Daftari la hisa la chama cha msingi, kiwe cha Itigi au cha kwingineko, hukaa kwa katibu. Bitcoin, fedha ya kompyuta iliyoanza Januari 2009, haina katibu. Daftari lake limenakiliwa katika maelfu ya kompyuta ulimwenguni, na kila moja hukagua kila ingizo kabla ya kulikubali. (Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha za namna hiyo si halali nchini, katibu asome habari hii kama somo tu, wala asiguse akiba ya chama.)

Kazi zenyewe ni mbili. Wako washindanao kufunga ukurasa mpya takriban kila dakika 10, na hao hulipwa. Mwanzoni mshindi alipata bitcoin 50. Kiwango hukatwa nusu kila baada ya kurasa 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125 pamoja na ada za watumaji. Wako pia watunzao nakala na kukagua tu. Hao hawapati hata senti, ingawa umeme na vyombo ni vyao. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa hawataki kuambiwa na mtu mwingine kwamba hesabu ni sahihi. Mkulima anayesimama karibu na mizani wakati alizeti yake inapimwa ataielewa hoja hiyo upesi.

Mtandao wa Dash, ulioanza 2014, uliamua kuwalipa watunzaji. Ila kila kompyuta ilipwayo sharti iwekewe dhamana isiyopungua dash 1,000, ili mtu mmoja asiwashe kompyuta mia za bure na kudai malipo mia. Sharti hilo ni la busara, lakini lina gharama yake: kura nazo hufuata dhamana. Mwenye dhamana kumi hupiga kura kumi, jambo ambalo mwanaushirika, mwenye kura moja tu hata hisa zake ziwe nyingi kiasi gani, hawezi kulipita kimya.

Vijijini swali hili lilikwisha kuulizwa katika maji. Kamati nyingi za visima ziliendeshwa kwa kujitolea. Tangu Sheria ya Maji ya 2019, vyombo vya watumiaji maji vimekuwa vikiajiri mafundi na wahasibu kwa fedha za ankara.

Wanachama wajadili: mpima mazao wa chama chao alipwe posho kwa siku, au kwa kilo? Naye atakagulia mizani yake nani?