Neno "Afya" katika Ibara ya 26: Sheria ya Kenya na Mafundisho ya Kanisa

Tunaposikia Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikitajwa katika mahubiri, mara nyingi ni ibara ya 26, aya ya pili: uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Si katiba nyingi zinazosema hivyo waziwazi, nasi tunashukuru. Lakini msomaji asiishie hapo. Aya ya nne inakataza utoaji mimba, kisha inaweka mlango: isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu.

Kabla ya hapo palikuwa na Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Kifungu cha 158 kinampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 240 kilimkinga daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Uhai, si afya. Hata hivyo, huko London mwaka 1938, daktari Bourne aliachiwa huru baada ya kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa, na tangu hapo mahakama za Uingereza zilianza kuupanua uhai ukaigusa afya, pamoja na ya akili.

Ndiyo maana maaskofu wa Kenya waliipinga rasimu ya 2010. Wananchi waliipitisha tarehe 4 Agosti. Wizara ya Afya ilitoa miongozo mwaka 2012, ikaiondoa mwaka uliofuata. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuiondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Vifungu vya zamani navyo havikufutwa na Katiba hiyo.

Kanisa linafundisha kwamba kumwua mtoto tumboni kwa makusudi, kama lengo au kama njia, hakukubaliki kamwe. Yohane Paulo II alilithibitisha hilo katika Evangelium Vitae mwaka 1995. Lakini tumewasikia waamini wakidhani kwamba basi mama aachwe afe. Sivyo. Mjamzito mwenye saratani ya kizazi anaweza kuondolewa kizazi hicho ikiwa tiba haiwezi kungoja, ingawa mtoto atakufa: kinachotibiwa ni ugonjwa, na kifo cha mtoto hakitakiwi wala hakitumiki kama njia ya kumponya mama. Katekista asiyeweza kueleza tofauti hiyo anawapa watu sababu ya kutosikiliza mengine.

Kwa mafrateri, jambo moja zaidi. Kanuni ya 1397 inaweka adhabu ya kutengwa na Kanisa, inayompata mtu papo hapo kwa kitendo chenyewe. Lakini someni pia kanuni za 1323 na 1324: asiyetimiza miaka 16 hapatwi na adhabu yoyote, na aliye chini ya miaka 18, au aliyetenda kwa kushurutishwa na hofu kubwa, hafungwi na adhabu hiyo ya papo hapo. Dhambi inabaki kuwa dhambi, na tangu mwaka 2016 Papa Fransisko amewapa mapadre wote uwezo wa kuiondolea. Binti wa shule anayekuja kuungama akitetemeka asiambiwe kwamba ametengwa, kwa sababu si kweli.